Umejuaje? Ushauri kwa waundaji wa modeli za ndege za kivita

Alama kwenye ndege ya kivita hazikuwekwa kwa ajili ya urembo. Duara la taifa, herufi za kikosi, namba ya ndege na mistari ya mkiani viliwekwa ili mtu aliye ardhini na mzinga, au rubani aliye angani, aamue ndani ya sekunde chache kama anayemwona ni mwenzake au adui. Uamuzi huo ukikosewa, watu hufa. Watanzania tunalijua hilo kwa uchungu: mwanzoni mwa vita vya Kagera dhidi ya Uganda, mwishoni mwa mwaka 1978, walinzi wetu wa anga waliangusha ndege tatu za jeshi letu lenyewe karibu na Musoma.

Kwa hiyo kijana wa Sakina, Njiro au Usa River anayeketi mezani na modeli ya plastiki aliyoletewa na ndugu kutoka ng'ambo, au na kipande cha mbao laini alichokichonga mwenyewe, ana kazi kubwa kuliko kupaka rangi. Anapoandika herufi ubavuni mwa ndege anatoa taarifa ya kihistoria: kwamba ndege hii ilikuwapo, ilionekana hivi, na mtu fulani aliirusha. Makala haya yanahusu namna ya kuifanya taarifa hiyo iwe ya kweli. Yote nitakayoyasema yanazunguka swali moja ambalo mtazamaji yeyote ana haki ya kukuuliza huku akinyooshea kidole alama yoyote: umejuaje?

Chagua ndege moja, siku moja

Wengi huanza kwa kuamua kuunda Spitfire au MiG-21. Hizo ni aina za ndege, na aina haina alama. Spitfire pekee zilitengenezwa zaidi ya 20,000, zikapakwa rangi, zikahamishwa vikosi, zikapakwa tena. Ukiuliza Spitfire ilikuwa na alama gani, hupati jibu. Ukiuliza Spitfire ya kikosi cha 303, iliyorushwa na rubani fulani mwezi Agosti 1942, ilikuwa na alama gani, hapo unaweza kufanya kazi.

Usiamue kwa kufuata vibandiko vilivyomo ndani ya boksi. Kampuni ya modeli ilichagua ndege kwa sababu zake za biashara, na aliyechora vibandiko naye alitegemea picha zile zile unazoweza kuzitafuta wewe. Vichukue kama dai linalosubiri kuthibitishwa. Mara nyingine utakuta ni sahihi kabisa, na ukishavikagua utavitumia kwa moyo mweupe. Mara nyingine utakuta namba ni ya ndege moja na herufi ni za nyingine.

Ndege inayofaa kwa mtu anayeanza ina sifa tatu. Ipo angalau picha moja ya wakati wa vita inayoionyesha vizuri. Tarehe ya picha inajulikana, au inaweza kukadiriwa ndani ya mwezi mmoja au miwili. Na jina la aliyeirusha limeandikwa mahali. Ongeza sifa ya nne: iwe na habari inayokugusa, kwa sababu utaishi nayo muda mrefu. Kuna atakayevutwa na Roald Dahl, mwandishi aliyefika Dar es Salaam mwaka 1938 kama mfanyakazi wa Shell, akajiunga na jeshi la anga la Uingereza jijini Nairobi mwaka 1939, na Aprili 1941 akawa anarusha Hurricane za kikosi cha 80 nchini Ugiriki. Kwa msomaji wa Arusha, hata hivyo, ipo habari iliyo karibu zaidi, kwenye miteremko ya Meru.

Njia inayopita Tengeru

Ukitoka mjini kuelekea Moshi, kabla ya kufika Usa River, unapita Tengeru. Hapo, karibu na Ziwa Duluti, kuanzia mwaka 1942 palijengwa kambi kubwa kuliko zote za wakimbizi Wapolandi barani Afrika. Watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliishi humo katika nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi, wakiwa na shule, hospitali na kanisa lao. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka mashariki mwa Polandi kwenda ndani ya Urusi ya Kisovieti miaka ya 1940 na 1941, kisha wakatolewa kupitia Iran, na kutoka huko wakaletwa Afrika Mashariki kwa meli. Wengine walipelekwa Ifunda, Kidugala na Kondoa, na wengine Masindi na Koja nchini Uganda. Makaburi yao bado yapo Tengeru, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, karibu 150 kwa idadi.

Wengi wa akina mama na watoto hao walikuwa na waume, baba na kaka vitani. Wanaume waliotoka nao Urusi waliunda jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders, lililokuja kupigana Italia na kuuteka Monte Cassino Mei 1944. Juu ya jeshi hilo ziliruka ndege za Kipolandi, za kikosi cha 318, kilichoundwa Uingereza mwaka 1943, kikahamia Palestina na Misri kikiwa na Hurricane, kisha kikafanya upelelezi na mapigano Italia kwa Spitfire. Huko Uingereza vilikuwapo vikosi vingine vya Wapolandi, na maarufu kupita vyote ni cha 303, kilichoingia vitani Agosti 1940 na Hurricane.

Hapo una ndege ya kivita yenye uhusiano wa kweli na mlima unaouona kila asubuhi. Tena una bahati: kumbukumbu za vikosi vya Wapolandi ni nyingi na zimetunzwa vizuri. Kwa kujifunzia kazi hii, huwezi kupata mwalimu bora zaidi.

Angalizo moja mapema. Ukitembelea makaburi ya Tengeru na kukuta ukoo unaofanana na wa rubani uliyemsoma, usiandike kwamba ni ndugu. Koo nyingi za Kipolandi hubebwa na maelfu ya watu. Undugu huthibitishwa kwa cheti au kwa neno la familia. Swali la umejuaje linawahusu watu kabla ya kuzihusu rangi.

Isome picha kama shahidi

Picha ya wakati wa vita ndiyo ushahidi wa kwanza. Mchoro wa rangi kitabuni ni maoni ya mchoraji. Ndege iliyokarabatiwa na kuwekwa makumbusho ilipakwa rangi na watu wa miaka ya karibuni, hata kama chuma chake ni cha zamani. Vyote viwili vinasaidia kukuelekeza pa kutafuta, lakini mwisho wa yote rudi kwenye picha. Makumbusho ya Vita ya Kifalme jijini London, Taasisi ya Polandi na Makumbusho ya Sikorski jijini humo humo, na hifadhi ya taifa ya picha za kidijitali ya Polandi vina picha nyingi za vikosi hivi, na sehemu yake unaweza kuiona kwa simu yako ukiwa Arusha.

Ukishaipata picha, ihoji kwa utulivu. Anza kwa kuhakikisha haikugeuzwa wakati wa kuchapwa. Herufi zilizopinduka zitakuambia, lakini picha nyingi hazionyeshi herufi. Kwa Spitfire kuna njia nyingine: mlango mdogo wa rubani uko upande wa kushoto wa ndege, na kirungu cha kupimia mwendo kiko chini ya bawa la kushoto. Ukivikuta kulia, picha imegeuzwa, na kila ulichokiandika kuhusu pande kinapaswa kuandikwa upya.

Pili, usizisome rangi kwa haraka kwenye picha nyeusi na nyeupe. Filamu za wakati ule hazikuwa za aina moja. Ipo iliyofanya njano na nyekundu zitoke karibu nyeusi na bluu itoke nyepesi, na ipo iliyozionyesha karibu na jicho la binadamu linavyoona. Kwa hiyo pete ya njano inayozunguka duara la Uingereza huweza kuonekana kama pete nyeusi, na mtu asiyejua akadhani haikuwapo. Tafuta kwenye picha hiyo hiyo kitu ambacho rangi yake unaijua kwa hakika, kama mistari ya mkiani, uone kimetokaje. Hicho ndicho kipimo chako kwa vingine vyote.

Tatu, tenganisha unachokiona na unachokijaza. Picha ya ubavu wa kushoto haisemi chochote kuhusu ubavu wa kulia. Kwenye ndege za Uingereza mpangilio wa herufi za kikosi na herufi ya ndege ulitofautiana kati ya pande mbili, na michoro ya binafsi mara nyingi iliwekwa upande mmoja tu. Chukua karatasi, chora umbo la ndege mara nne: kushoto, kulia, juu, chini. Jaza kwa kalamu yale tu unayoyaona. Sehemu zitakazobaki tupu ndizo orodha yako ya kazi inayofuata.

Nne, iangalie nembo ya Wapolandi kwa makini. Ni mraba wa vyumba vinne, viwili vyeupe na viwili vyekundu, wenye ukingo wa rangi zilizobadilishana, na mara nyingi uliwekwa mdogo ubavuni mwa pua ya ndege. Mpangilio wa vyumba hivyo ulibadilishwa mwaka 1993. Anayenakili kutoka kwenye ndege ya Polandi ya leo ataupachika mraba uliopinduka kwenye ndege ya 1942. Usome kutoka kwenye picha ya wakati ule, ambamo chekundu hutoka kimekolea kuliko cheupe na hakuna utata.

Makaratasi na namba

Ndege ya Uingereza ilikuwa na utambulisho wa aina mbili. Upo ule wa kikosi: herufi mbili za kikosi na moja ya ndege. Kikosi cha 303 kilitumia RF, cha 302 WX, cha 308 ZF, cha 315 PK, cha 316 SZ, cha 317 JH, na cha 318 LW. Halafu ipo namba ya ndege yenyewe, ndogo, karibu na mkia. Herufi ya ndege ilirithiwa: ndege ikianguka au ikipelekwa matengenezo, nyingine ilipewa herufi ile ile. Namba haikurithiwa.

Mfano mzuri ni Jan Zumbach, aliyekiongoza kikosi cha 303 kuanzia Mei 1942, na ambaye miaka 20 baadaye alionekana tena Afrika akiunda jeshi la anga la Katanga chini ya Moïse Tshombe. Spitfire yake ya mwaka 1942 ilikuwa RF-D, na ilichorwa bata Donald Duck karibu na chumba cha rubani. Lakini RF-D ya Zumbach haikuwa moja. Zipo picha za ndege namba BM144 na za namba EN951, zote na bata. Anayechukua bata kutoka picha moja, hesabu ya misalaba ya ushindi kutoka nyingine na namba kutoka ya tatu, ameunda ndege ambayo haikuwahi kuruka. Misalaba ile ni saa yako: kila ushindi ulipoongezwa, picha iliyopigwa baadaye hubeba alama zaidi. Ihesabu, ilinganishe na tarehe za ushindi wa rubani, nawe utajua picha ilipigwa kabla au baada ya siku gani.

Ili kuunganisha rubani, namba na tarehe, nenda kwenye daftari la shughuli za kikosi. Vikosi vya Uingereza viliandika kila siku nani aliruka, saa ngapi, na ndege namba gani. Safu ya majina na namba iko kwenye Fomu 541. Madaftari hayo yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, kwenye fungu la AIR 27, na nakala zake zinapatikana kidijitali. Mara nyingi daftari hutaja namba bila herufi, ilhali daftari binafsi la rubani huweza kutaja herufi bila namba. Uyalinganishe kwa tarehe na saa: rubani aliyeandika kwamba aliruka na D asubuhi ya siku fulani, na kikosi kilichoandika EN951 mbele ya jina lake asubuhi hiyo hiyo, wamekupa jibu kwa pamoja.

Usishangae daftari likikosea. Karani aliandika akiwa amechoka, na tarakimu mbili hubadilishana nafasi. Namba ikitokea mara moja tu na haiendani na nyingine, itie alama ya kuuliza. Ikitokea siku tano mfululizo mbele ya rubani yule yule, itegemee.

Tarehe hufungua rangi

Ukishakuwa na tarehe, sehemu kubwa ya rangi inajieleza, kwa sababu jeshi la anga la Uingereza lilitoa amri za rangi na amri hizo zina tarehe. Kwa ndege za kivita zilizokuwa Uingereza, kumbuka ngazi hizi.

Katikati ya mwaka 1940, wakati kikosi cha 303 kinaanza, mgongo wa ndege ulikuwa na mabaka ya kahawia ya udongo na kijani kilichokolea, na tumbo lilipakwa rangi iitwayo Sky. Isikupotoshe: ni kijani kilichopauka sana, si bluu. Mwishoni mwa Novemba 1940 ukaongezwa mkanda wa Sky kuzunguka bodi mbele ya mkia, na kofia ya propela ikapakwa Sky. Wakati huo huo upande wa chini wa bawa la kushoto ulipakwa mweusi, hadi Aprili 1941. Agosti 1941 kahawia iliondolewa, yakaja mabaka ya kijani na kijivu cha bahari, tumbo la kijivu chepesi, na ukanda wa njano kwenye ukingo wa mbele wa mabawa. Katikati ya 1942 duara la ubavuni likabadilika: nyeupe na njano zikawa nyembamba. Bawa la juu lilibaki na duara la nyekundu na bluu peke yake.

Basi Spitfire yenye mabaka ya kahawia na duara lenye nyeupe nyembamba, kwenye anga la Uingereza, inahitaji maelezo mazito. Lakini amri haikufika siku moja kila mahali. Ndege iliyopo kikosini ilipakwa fundi alipopata nafasi, na wiki kadhaa za mchanganyiko ni jambo la kawaida. Amri inakuambia kilichotarajiwa. Picha ndiyo inayokuambia kilichotokea.

Kwa kikosi cha 318 tahadhari iwe kubwa zaidi. Katika Mediterania zilionekana Spitfire za rangi za jangwa, yaani kahawia ya udongo na rangi ya mchanga juu, bluu chini, na zilionekana pia za kijani na kijivu. Mwaka 1944 vikosi vya huko vilipokea ndege kutoka maghala mbalimbali, kwa hiyo usipake kwa kudhani. Hapo picha ya ndege yenyewe ni ya lazima.

Vipimo, na kazi ya mkono

Kupata alama sahihi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ukubwa na mahali. Hapa hesabu husaidia kuliko jicho. Herufi za kikosi kwenye Spitfire kwa kawaida zilikuwa na kimo cha sentimeta 61. Kwa modeli ya 1/72 gawanya kwa 72: milimeta 8.5. Kwa 1/48 ni milimeta 12.7. Mkanda wa Sky ulikuwa na upana wa sentimeta 46, yaani milimeta 6.4 au 9.6. Namba ya ndege yenye kimo cha sentimeta 20 inakuwa milimeta 2.8 au 4.2. Duara jipya la ubavuni la 1942 lilikuwa na kipenyo cha sentimeta 91, yaani milimeta 12.6 au 19. Mistari ya mkiani ya wakati huo ilikuwa mraba wa sentimeta 61: nyekundu sentimeta 28, nyeupe 5, bluu 28, nyekundu ikitangulia mbele pande zote mbili.

Vipimo hivi pia vinakupa rula ndani ya picha. Ukijua mraba wa mkiani ni sentimeta 61, na ndege imepigwa picha ubavu sawasawa, pima mraba huo kwenye picha, kisha pima herufi au mchoro usioujua, na utapata ukubwa wake kwa kulinganisha. Ndege ikiwa imekaa mshazari, pima vitu vilivyo karibu karibu tu.

Kama huna vibandiko vya maji, usikate tamaa. Alama nyingi za ndege hizi ni maumbo rahisi ambayo mkono hutengeneza vizuri. Tepu ya kuzibia rangi ikibandikwa kwenye kioo na kukatwa kwa wembe mpya hutoa herufi safi. Duara hukatwa kwa bikari iliyofungwa wembe. Kwa mraba wa Wapolandi, paka nyeupe eneo lote, liache likauke usiku kucha, kisha ziba na upake vyumba vyekundu. Ukichapisha vibandiko mwenyewe, kumbuka printa za kawaida hazitoi nyeupe: nyeupe itoke kwenye rangi uliyopaka chini yake. Kwa rangi za mabaka, maduka ya mjini yanayochanganya rangi za magari yanaweza kukutengenezea kiasi kidogo kwa sampuli. Peleka sampuli iliyopakwa kwenye karatasi, kwa kuwa skrini ya simu hubadilisha rangi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki, maana rangi za magari zina tina kali.

Vita vya Kagera: kazi inayotusubiri

Baada ya kujifunza kwa ndege yenye makaratasi mengi, utakuwa tayari kwa ile ambayo moyo wa Mtanzania huitaka: ndege ya vita vya 1978 na 1979. Hapa makaratasi yaliyo wazi ni machache, na picha zilizochapishwa ni chache zaidi. Njia ni ile ile, ila uvumilivu uwe mwingi.

Anza kwa kuweka majina sawa. Tanzania ilikuwa na MiG-21 kutoka Urusi ya Kisovieti, na ndege zilizotengenezwa China: F-6, ambayo ni MiG-19 ya Kichina, na F-5, ambayo ni MiG-17 ya Kichina. Hiyo F-5 haihusiani kabisa na F-5 ya Marekani ambayo Kenya iliipokea mwishoni mwa miaka ya 1970. Uganda nayo ilikuwa na MiG-17 na MiG-21. Maana yake ni kwamba pande zote mbili zilirusha ndege za umbo moja, na picha isiyoonyesha alama haiwezi kusema ni ya nani.

Tumia tarehe kama chujio. Picha ya MiG ya Uganda iliyopigwa kabla ya Julai 1976 huenda ni ya ndege iliyoteketezwa na makomandoo wa Israeli uwanjani Entebbe, hivyo haiwezi kuwa ushahidi wa 1978. Picha ya baada ya Aprili 1979, majeshi yetu yalipoiteka Entebbe, inaweza kuwa ya ndege iliyotekwa. Na ndege za jeshi letu zilizopigwa picha miaka ya 1990 na kuendelea zinaonyesha rangi za wakati huo. Namba zinazoanza na JW utaziona kwenye picha nyingi. Zisihamishie kwenye ndege ya 1978 mpaka upate picha ya 1978.

Tafuta magazeti ya siku zile, Daily News, Uhuru na Mzalendo, kwenye Maktaba Kuu ya Taifa au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na uulize Idara ya Habari MAELEZO kuhusu picha. Kwa mambo ya jeshi, andika barua na uombe kibali. Usipige picha kambi, uwanja au ndege ya jeshi. Sheria inakataza, na hakuna modeli inayostahili kukuingiza matatizoni.

Chanzo cha thamani kuliko vyote ni wazee. Katika Arusha, Monduli na Meru wamo waliopigana vita hivyo, na huenda wamo waliohudumia ndege au waliolinda viwanja. Mwendee mzee kwa adabu: shikamoo, jitambulishe, eleza unachounda na kwa nini, na umwache achague siku. Asipotaka kusema, mshukuru uondoke. Akikubali, uliza maswali yasiyobeba jibu. Usiseme, mkiani kulikuwa na bendera, sivyo? Sema, mkiani kulikuwa na nini? Mpe penseli na umbo tupu la ndege achore mwenyewe kabla hujamwonyesha picha yoyote, kwa sababu picha ikishatangulia, kumbukumbu huifuata. Muulize alisimama wapi, karibu kiasi gani, na mara ngapi aliiona. Andika tarehe ya mazungumzo. Kisha mtafute mzee wa pili asiyezungumza na wa kwanza. Wakikubaliana bila kuambiana, una ushahidi mzuri. Wakitofautiana, andika yote mawili.

Waliokuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa wanakaribia 70 au wameipita. Kazi hii haiwezi kusubiri mpaka uwe na modeli bora au rangi bora. Mazungumzo yaje kwanza, modeli itafuata.

Karatasi inayokaa na modeli

Ukimaliza, andika karatasi moja na uiweke pamoja na modeli. Ipe safu tatu: alama, chanzo, na uzito wa ushahidi. Uzito uwe wa ngazi tatu tu: nimeiona pichani, imeandikwa au imesimuliwa, nimekisia. Mabaka ya bawa la juu ambayo hakuna picha iliyoyaonyesha, yaandike kwamba umeyakisia kwa kufuata amri ya rangi ya wakati ule. Upande usio na ushahidi kabisa unaweza kuuacha bila mchoro, ukaeleza sababu. Hilo halipunguzi heshima ya kazi yako. Linamwonyesha anayekuja baada yako mahali pa kuchimba.

Nakala ya karatasi hiyo, pamoja na maneno ya wazee uliyoyaandika kwa ridhaa yao, ipeleke shuleni kwako au kwenye maktaba ya mkoa. Modeli huvunjika na rangi hupauka, lakini maandishi yenye tarehe na chanzo yanaweza kumsaidia mwanafunzi ambaye bado hajazaliwa. Na mtu akikuuliza umejuaje, mpe karatasi asome. Akileta picha bora kuliko yako, mshukuru, urekebishe karatasi, kisha uchukue brashi.